Taa ya Zorka na Bangi ya Nola

Kwa miaka minne Mervyn Tuckwell alipigana na taa, na mwezi wa Oktoba akaishinda. Laiti angejua, angekubali kushindwa.

Haikuwa taa ya barabarani. Ya barabarani ni ya serikali, na Merv hakugombana na serikali. Aliitumikia mpaka akastaafu, akitunga kanuni za maegesho ya magari, na hadi leo havuki barabara taa ikiwa nyekundu, hata kama mtaa wao wote wa Kambah, huko Canberra, Australia, umelala na hakuna gari wala paka anayepita. Taa ya ugomvi ilikuwa ya jirani yake Zorka, mjane wa Kikroatia, imefungwa juu kabisa kwenye kona ya nyumba. Iliwaka jua likizama, ikazimika jua likichomoza, na katikati hapo ilimwaga mwanga juu ya ua wa mbao, ikaufagia uwanja wote wa nyuma wa Merv, kisha ikaingia chumbani kwake bila hodi. Merv alijaribu mapazia mazito. Akajaribu kulala amejifunga soksi machoni. Akajaribu hata kuweka miguu kwenye mto na kichwa mwisho wa kitanda. Taa ilimfuata kote.

"Zorka," alimwambia mara ya kwanza, kwa adabu, "hivi unamulika nini usiku kucha?"

"Namulika uzee wako, bwana jirani. Unakuja mbio, nataka niuone ukipita."

Adabu iliishia hapo. Tangu siku ile kila walipokutana uani ilikuwa kurushiana maneno, Merv akiuliza kama kuna ndege inatarajiwa kutua kwa Zorka, na Zorka akimuuliza kama na mchana nao haupendi, azimiwe jua. Kilichomuuma Merv zaidi ni kwamba dada yake hakumuunga mkono. Nola Tuckwell, mkubwa wake, aliyehamia kwake baada ya kuachana na mume wa pili, alikuwa na neno juu ya kila kitu duniani isipokuwa taa ile. Ikitajwa, aliinamia kikombe chake cha chai na kutabasamu.

"Mwache mama wa watu na taa yake," alisema. "Giza utalipata, mdogo wangu, tena la kutosha. Kaburini hakuna swichi."

Mwishoni mwa Septemba Nola akaanguka. Alikuwa akimfukuza posamu, yule mnyama wa mitini mwenye ukubwa wa paka, aliyekuja kunusanusa bangi yake, akashuka ngazi ya nyuma kwa kasi ambayo nyonga yake ilikwisha kuikataa siku nyingi. Wahudumu wa gari la wagonjwa walipomweka kwenye machela, alimkamata Merv shati.

"Bangi," alisema, meno yameumana.

"Nola, nyonga yako imevunjika!"

"Nyonga ina daktari. Bangi ina wewe, Mungu aisaidie. Maji asubuhi. Usiku wa baridi kali ifunike kwa ile plastiki inayopitisha mwanga. Basi. Usisogeze kitu, usiongeze, usipunguze. Acha kila kitu kama kilivyo. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Hasikii huyu," Nola akamwambia mhudumu, ambaye alikuwa anacheka waziwazi, "lakini ndiye niliyenaye."

Bangi yenyewe ilikuwa miche miwili, halali yake. Sheria ya Canberra ilimruhusu mtu mzima miche miwili, nje, kwa jua la Mungu, bila kuisaidia kwa taa, na Merv, ambaye hata sigara havuti, aliipenda sheria hiyo kwa sababu ilikuwa fupi na ina namba. Kwa Nola lakini haikuwa miche tu. Mbegu zake alizitoa pwani ya kaskazini enzi za usichana wake, alipokuwa akitembea pekupeku na maua kichwani. Akatembea nazo nyumba hadi nyumba, mume hadi mume, akipanda na kutunza mbegu, mpaka mwaka jana alipougua asipande kitu. Zilizobaki ndani ya kopo la aspirini zilikuwa chache na kuukuu. Baridi ilipoanza kulegea alizipanda zote kwenye mapipa mawili ya mvinyo yaliyokatwa nusu, kando ya ukuta wa matofali, zikaota mbili tu.

"Hizi zikifa," alimwambia Merv, "ujana wangu umekwisha rasmi."

Basi Nola akafanyiwa upasuaji, akahamishiwa wodi ya mazoezi, na Merv akabaki na maji ya asubuhi. Mwanzoni alifuata amri kama askari. Kisha ikafika siku ya kutoa mapipa ya taka.

Zorka alikuwa kando ya barabara na pipa lake. "Nola hajambo?"

"Hajambo. Anawagombeza wauguzi."

"Basi anapona."

Merv alikuwa hajapata usingizi wa maana tangu dada yake aondoke. Macho yalikuwa mekundu, kidevu hakijanyolewa, na hapo hapo shetani akamnong'oneza hoja, hoja nzuri kuliko zote alizowahi kuzitunga maishani.

"Zorka, dada yangu yuko hospitali. Nikifumba macho naiona ile nyonga, nikifumbua naiona taa yako. Nihurumie. Izime, japo mpaka arudi. Nola mwenyewe angekuwepo angekuomba."

Zorka hakujibu. Zorka, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu ashuke kwenye meli iliyomleta nchi hii! Mtu mwenye akili timamu angeshtuka. Alimtazama Merv, akatazama juu kwenye kona ya nyumba yake, kisha akageuka na kurudi ndani akiliburuta pipa ambalo lilikuwa bado limejaa taka.

Jioni ile giza likatua upande wa pili wa ua, giza zito, zuri, la bure. Merv alilala kama gogo, akaamka anaimba. Siku zile alikuwa mtu wa raha. Alinyoa kidevu, akawasalimu watu wasiomjua, na alipompigia Nola simu hakugusia habari ya taa, maana alitaka akirudi aikute kama zawadi.

Mwezi ulipokaribia kwisha, akimwagilia miche, aliona kitu cheupe kwenye vifundo. Akadhani ukungu. Akaleta miwani ya kusomea. Zilikuwa nywele nyembamba, mbilimbili, zimechomoza kila mahali jani linapoungana na shina, na kileleni majani yalikuwa yamebanana kuwa kishada. Maua! Kwa kitambo kidogo alifurahi, akajiona mkulima hodari. Halafu akakumbuka kwamba Nola huvuna wakati wa Pasaka, majani ya miti yakipukutika, na kufikia hapo miche huwa imempita yeye kwa urefu. Hii ilikuwa ya magotini, na majira ya kuchipua ndiyo kwanza yameanza. Bangi ikichanua inafunga hesabu zake za dunia. Ilikuwa kama kumwona mtoto wa darasa la pili ana ndevu.

Sababu akaitafuta kwa njia zake mwenyewe. Mapema mwezi huo mji mzima ulikuwa umesogeza saa mbele, kama kila mwaka, ili jioni za majira ya joto ziwe na mwanga zaidi, na Merv alikuwa amezisogeza zote, ya ukutani, ya jiko, ya gari. Akakata shauri kwamba miche imechanganyikiwa na saa. Kwa siku kadhaa akawa anaimwagilia kwa saa ya zamani, na asipoonekana na mtu aliinama akaitajia wakati sahihi kwa sauti ya chini. Mtu aliyeishi kwa kutunga kanuni huamini kila chenye uhai kinazisoma. Miche ikaendelea kuchanua.

Mficha uchi hazai, na Merv alilijua hilo, lakini aliona aufiche nusu. Akapiga simu wodini.

"Nola, kuna mtu klabuni, pale tunapocheza mchezo wa kuviringisha matufe..."

"Mtu gani?"

"Humjui. Ana miche yake ya bangi. Imechanua."

"Sasa hivi? Oktoba?"

"Sasa hivi. Anauliza kama ni kwa sababu watu wamesogeza saa."

Kicheko. Kikubwa hata Merv akamsikia muuguzi akija mbio kuuliza kuna nini.

"Mwambie rafiki yako," Nola alisema alipopata pumzi, "mche hauvai saa. Mche unapima giza. Ukiona usiku mrefu unajua baridi inakuja, unachanua haraka kabla haujafa. Na usiku wa majira haya bado ni mrefu. Mche mdogo uliozoea mwanga wa usiku, hata mwanga wa kuazima, ukinyimwa ghafla unadanganyika. Muulize: si ilikuwa inapata mwanga mahali, halafu ukaondoka?"

Merv alikaa kwenye kiti cha jikoni taratibu, kama mtu anayekalia mayai. Pale alipokaa aliiona kupitia dirisha taa ya Zorka, imekufa kwenye kona yake, na chini yake, upande huu wa ua, mapipa mawili ya Nola. Akaelewa yote kwa mkupuo mmoja. Akaelewa lile tabasamu la kwenye chai, na kwa nini mapipa yalikaa kona ile na si pale penye jua zaidi. Dada yake alikuwa anakuza bangi kwa taa ya jirani! Na sheria, alikumbuka kwa uchungu wa mtaalamu, haikutaja jirani.

"Merv? Upo?"

"Nipo. Sasa huyu bwana afanye nini?"

"Arudishe mwanga. Avinyofoe vile vishada kwa kucha, asione huruma. Aipe samadi ya kuku. Halafu angoje. Usiku wenyewe unafupika kila siku kuelekea Krismasi, utamsaidia, lakini akikawia mche utakuwa umekwisha kuamua kufa, na mche ukiamua haubembelezeki. Na asitishike na majani ya kwanza. Yatatoka ya ajabu, kidole kimoja badala ya vingi, yamejikunja kama sikio la nguruwe. Huo ni mche unarudi utotoni. Wewe ungependa kurudi utotoni?"

"Nitamwambia."

"Mwambie leo," alisema Nola, akakata simu bila kuaga.

Wahenga walionya: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Merv alizunguka jikoni akitafuta mlango mwingine wa kutokea. Mwanaume mwingine angekwenda dukani akanunua taa yake mwenyewe, lakini ile kanuni ya jua la Mungu ilikuwa imesimama mlangoni, fupi, ina namba, na Merv asingeweza kuivuka hata kwa ajili ya dada yake. Ilibaki njia moja, nayo ilipita chini ya mkaratusi wa Zorka, ambamo magpai, ndege mweusi na mweupe mfano wa kunguru, alikuwa ameotamia. Magpai wa Oktoba anashambulia kutoka nyuma kichwa chochote kinachopita karibu na makinda yake. Kwa hiyo Merv alifanya kama kila mtu mtaani anavyofanya, akavaa kichwani kopo la aiskrimu lililochorwa macho mawili makubwa kisogoni, akaenda kuomba.

Zorka alifungua mlango, akamtazama kuanzia viatu hadi kopo.

"Nimekuja kwa jambo zito," alisema Merv.

"Naona. Umevaa rasmi."

Merv akalivua kopo. Alikuwa ameandaa maneno ya utangulizi, ya kati na ya kuhitimisha. Yote yakamtoroka.

"Naomba uwashe taa."

"Eh?"

"Naomba uwashe taa yako, Zorka."

"Sikio hili la kulia siku hizi zito. Hebu hamia huku kushoto."

Akahamia kushoto, akasema mara ya tatu. Zorka alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Akamvuta ndani, akamketisha mezani mbele ya bureki, ile pai ya kwao ya jibini, ikitoka moshi, akamwamuru aseme kuanzia mwanzo. Merv akasema. Alipofika kwenye saa na kuitajia miche wakati sahihi, Zorka alifuta machozi kwa aproni.

"Na Nola," Merv akamalizia, akitazama sahani, "hakuwahi kutaka uizime. Lile nilikudanganya."

Kicheko kikakatika.

"Hakutaka," alisema Zorka. "Nilishangaa sana. Nikasema, Nola kweli? Nola anayejua?"

"Anayejua nini?"

Zorka alimkatia kipande kingine ambacho hakukiomba. "Stipe wangu alikuwa mwoka mikate. Anaondoka watu wamelala, anarudi watu hawajaamka. Na kila alfajiri lazima ajikwae kwenye ngazi yetu, awatukane watakatifu mmoja baada ya mwingine, mpaka kuku waamke. Ndipo akafunga ile taa. Alipokufa, watu wakaniambia, zima sasa mama, unamlipia nani umeme? Nikajaribu. Ukizima taa ya mumeo, Merv, umekubali kwamba harudi. Najua harudi, mimi si mjinga. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kukubali ni kitu kingine."

"Na siku zote hizi, tangu uizime?"

"Nimelala kwenye kochi, televisheni ikiwaka. Sasa hivi hakuna sufuria inayonadiwa humo alfajiri nchi hii nisiyoijua bei."

Aibu ilimpanda Merv kutoka shingoni hadi masikioni. Alikuwa amezoea aibu ndogondogo, za kusahau jina la mtu au kuvaa sweta nje-ndani. Hii ilikuwa nyingine, akaisukuma sahani kando.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza kama kuna ndege inatua."

Kisha Zorka akainuka, akaenda penye swichi kando ya friji, akaibonyeza. Alitoa masharti mawili. La kwanza, samadi ya kuku ipo, lakini banda atalifagia mwenyewe. La pili, Nola akirudi, Merv amwambie yote kwa kinywa chake, na lile la nyonga alitaje. "Yule ni rafiki yangu. Simdanganyi kwa ajili ya mtu wa kopo."

Ndivyo Merv alivyoanza kuwa mkunga wa bangi. Alinyofoa vishada vya maua kimoja kimoja kwa kucha, akiviomba radhi, huku Zorka akimchungulia juu ya ua.

"Unavinyofoa au unavichumbia?"

"Nyamaza, mama, mkono utatetemeka."

Alifagia banda, akachanganya samadi na maji, akanuka siku nzima kiasi kwamba karani wa maktaba alimhamishia meza ya dirishani. Usiku taa ikaingia tena chumbani kwake, ikamkalia usoni, naye akalala chali, akaiacha imkalie. Miche haikufanya kitu. Haikuchanua zaidi, haikukua. Ilisimama tu kwenye mapipa yake kama watu waliosahau walichofuata chumbani, na kila siku iliyopita Merv alizidi kuamini kwamba imekwisha kuamua.

Ikafika siku ya mashindano makubwa ya farasi, ile Jumanne ya Novemba ambayo kabla yake hakuna mtu wa Kambah anayethubutu kupanda nyanya, maana umande wa barafu humshukia mwenye haraka. Nchi nzima ilikuwa na kofia na bilauri mkononi. Zorka alikuwa amepiga magoti kwenye tuta lake la nyanya, redio imefunguliwa, na Merv alikuwa amemshikia kikapu cha miche, uso umemshuka.

"Sasa nani kafa?" aliuliza Zorka.

"Bado hajafa mtu. Nola anarudi wiki ijayo, nami sina cha kumwonyesha ila vijiti viwili."

"Mche si farasi, Merv. Hata ukiupigia kelele hauendi mbio."

"Ni mbegu za mwisho, Zorka. Alibeba mbegu zile maisha yake yote. Waume wawili wamempita, mbegu zikabaki. Akanipa mimi wiki chache tu."

Zorka hakumtania. Alichukua mche wa nyanya mkononi mwake, akaushindilia udongo, akasema, "Lete mwingine."

Siku tatu kabla Nola hajarudi, Merv alikwenda na maji yake asubuhi, akapiga kelele. Zorka alitokea juu ya ua na vibanio vya nywele kichwani, akidhani amegongwa na nyoka. Kwenye kifundo cha mche wa kushoto kulikuwa na jani, kubwa kama ukucha wa kidole gumba. Lilikuwa na kidole kimoja, limejipinda, limekunjamana kingo, halifanani na bangi wala na kitu chochote kilichowahi kumea Kambah.

"Mama yangu," alisema Zorka, "baya hilo!"

"Baya sana," alisema Merv, na machozi yakamlengalenga kwa furaha. "Tazama, na lile jingine. Baya zaidi!"

Nola akarudi na kigari chake cha kutembelea. Hakuingia ndani. Alikisukuma moja kwa moja kuzunguka nyumba, magurudumu yakilia, mpaka kwenye mapipa. Sasa kila tawi lilikuwa limetoa majani yale ya kichaa, na Nola akaligeuza moja kwa kidole. Merv alikuwa ameapa kuanza yeye. Alifungua mdomo.

"Chai?"

"Chai," alisema Nola.

Alikunywa hadi nusu ya kikombe, ameketi barazani, mguu umenyooshwa. Ng'ambo ya ua mpira wa maji wa Zorka, uliokuwa ukitiririka, ukanyamaza.

"Yule rafiki yako wa klabuni," alisema Nola. "Miche yake imeponaje?"

"Ni mimi, Nola."

"Najua ni wewe. Wewe huna rafiki klabuni. Hata mmoja."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Tangu uliposema 'kuna mtu'. Niliteseka kitandani usiku ule, nisijue kama utafanya nilivyokwambia au utaisomea miche kanuni. Lakini umefanya, naona. Imerudi." Akamtazama. "Taa ya Zorka ilikuwa imeungua?"

Hapo Merv alipewa mlango, wazi kabisa, na ndani yake kuna usalama wa maisha. Angesema ndiyo, iliungua, na chai ingeendelea. Alisikia kimya cha mpira wa maji ng'ambo ya ua.

"Nilimwomba aizime," alisema. "Akawa hataki, nami nikamwambia wewe ungemwomba. Niliitumia nyonga yako, Nola, nipate usingizi."

Nola aliweka kikombe chini. Miche hakuitazama tena.

"Ulimzimia Zorka taa ya Stipe?"

"Sikujua."

"Miaka minne! Ule ni ua wa mbao, Merv, si ukuta wa gereza. Ungeuliza!" Akakisukuma kikombe mbali. "Bangi ningekusamehe kabla chai haijapoa. Ni majani, hata yangekufa ningelia siku mbili nikaacha. Lakini yule mwanamke nilimwona mimi juma lile la mazishi, amekaa kwenye ngazi mpaka kuku wanaamka, na taa inawaka. Wewe ulikuwa umelala na soksi zako." Akavuta pumzi, akageuza kichwa. "Zorka! Shoga yangu! Uko hapo unatusikiliza?"

"Niko," ilijibu sauti nyuma ya mbao. "Endelea tu, anastahili."

Nola aliendelea mpaka chai ikapoa, na Merv hakujitetea.

Januari ikaingia na joto lake, hewa ikachezacheza juu ya lami. Miche ilikuwa imesahau wazimu wake wote. Ilitoa majani ya vidole vitano, kisha saba, ikapanda mpaka ikachungulia kwa Zorka, na Nola akaenda huku na huko na kigari chake akiisifu kama wajukuu na kupanga vipandikizi atakavyokata. Wanawake wawili wakawa wanakunywa kahawa barazani karibu kila siku, wakimjadili Merv kana kwamba hayupo.

Siku moja Zorka alikuja kwenye kahawa yake kachoka, akasema taa imekufa usiku, sijui balbu, sijui waya. Alisema kama anasema habari za hali ya hewa. Merv alinyanyuka, akaenda gereji, akarudi na ngazi ndefu begani. Adhuhuri ile ile, jua likichoma utosi, akaiegemeza kwenye kona ya nyumba ya Zorka na kuanza kupanda, huku wawili wale wamesimama chini.

"Atadondoka," alisema Zorka.

"Adondokee kwenye nyanya, ni laini," alisema Nola. Kisha akapaza sauti. "Mdogo wangu! Usiku sasa ni mfupi, bangi haina haja tena na taa. Unajua?"

"Najua."

Nola akaishika ngazi kwa mkono mmoja, isiteleze.

Merv alifungua kioo, akaitoa balbu, nyeusi ndani. Ilikuwa balbu tu, hakuna kingine. Zorka alikinga macho kwa mkono.

"Merv! Maadamu uko huko, kile kishikio chake kina skrubu moja ubavuni. Ilegeze, uigeuze ielekee barabarani. Isikupige tena chumbani. Mimi ikiwaka tu inanitosha."

Skrubu aliiona. Ilikuwa na kutu, lakini ingekubali. Akaweka kichwa chake karibu na taa, sawasawa na inakoelekea, ajue ni kiasi gani cha kuigeuza, akatazama. Chumba chake kilikuwa mbali huko nyuma, kwa bahati mbaya tu, kwenye mstari ule ule. Mbele kabisa, palipolengwa hasa, palikuwa na ngazi tatu za zege za mlango wa nyuma wa Zorka, ile ya kati imemeguka ukingo, mahali ambapo mtu aliyechoka, mwenye unga kwenye nywele, angeweka mguu wake.

"Iache," alisema Merv. "Stipe aliipima vizuri."

Akanyoosha mkono chini apewe balbu mpya, na Zorka ilimbidi apande vidato viwili vya ngazi kumfikishia, kwa kuwa Merv hakutaka kugeuka watu wamwone uso.